Sifuri si sawa na "sikufika": somo nililolipata kwa ndege wa Montréal



Wiki mbili zilizopita niliweka picha yangu katika kundi la promosheni yetu: niko ndani ya theluji, koti mpaka magoti, darubini shingoni, kaye mkononi. Hazikupita dakika tano mmoja akaandika: "Mukubwa, tulikuchangia pesa ya tikiti ili uende kuangalia ndege?" Tulicheka wote. Lakini lile swali lilibaki na mimi, juu ni swali la haki. Kwetu Bukavu, mtu mwenye diplome asiye na kazi anajua bei ya asubuhi moja iliyopotea.

Basi ninajibu hapa kwa urefu. Nitaeleza namna ndege wanavyohesabiwa kwenye parke wakati wa baridi, na kwa nini watu wazima wanajisumbua hivyo. Kisha nitasema kosa moja nililolifanya kwetu, ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu mpaka asubuhi ile.

Katikati ya jiji la Montréal, Kanada, kuna mlima unaoitwa Mont-Royal. Sisi watu wa Kivu tunauita mlima kwa heshima tu: kilele chake kina mita 233, wakati Kahuzi yetu ina mita 3,308. Lakini una msitu wa kweli, na parke yake ilifunguliwa mwaka 1876, ikiwa imepangwa na Frederick Law Olmsted, yule yule aliyeshiriki kupanga Central Park ya New York. Karibu na nyumba moja ya zamani ya mawe, Maison Smith, wakati wa baridi kuna vilishio vya ndege, yaani vibanda na mirija ya kuwekea ndege chakula.

Mimi sikufika pale kwa kupenda ndege. Nilifika kwa upweke. Ilikuwa baridi yangu ya kwanza, jua linazama saa kumi na nusu, masomo ya masta yananikaba, na nilikuwa na tabia ya kusimama dirishani bila kuangalia kitu. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, aliniona mara nyingi. Siku moja akaniuliza kwenye ngazi: "Wewe unayeangalia nje kila siku, unaonaga nini?" Nikajibu: "Hakuna kitu, mzee." Akasema: "Jumamosi saa moja uwe tayari. Vaa soksi mbili."

Jumamosi ile ilikuwa digrii 18 chini ya sifuri. Ukivuta hewa, manyoya ya pua yanagandana. Nilitoa biki yangu niandike tarehe, haikutoa hata nukta: wino uliganda. Mzee akacheka, akanipa krayo. "Baridi haiwezi krayo," akasema. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Kilishio cha kwanza kilikuwa nguzo ya chuma yenye vyombo vitatu. Mmoja ni mrija wa mbegu ndogo nyeusi za alizeti, ambazo zina mafuta mengi na ganda laini. Wa pili ni kikapu cha waya chenye kipande cha mafuta ya ng'ombe. Wa tatu ni sahani pana. Katikati ya nguzo kuna koni ya chuma kama sahani iliyopinduliwa, ya kuzuia vindi wasipande. Nilimwona mmoja akijaribu mara sita, anapanda, anagonga kichwa, anateleza, anarudi. Alinikumbusha finaliste anayetafuta saini ya direkteri wa memwari yake.

Kila chakula kina mgeni wake, na hiyo ndiyo sababu vyombo vinatofautiana. Kwenye mafuta anakuja gogota, ndege wa kugonga miti, mwenye madoa meupe na meusi. Dume ana alama nyekundu kisogoni. Kwenye alizeti anakuja kardinali, dume mwekundu wote kama pilipili, na ndege wa buluu wa jamaa ya kunguru, mwenye kelele na ubabe. Chini kwenye theluji, junko wa kijivu wanaokota kilichoanguka; wao hawapendi kupanda. Kardinali, mzee aliniambia, zamani alikuwa mgeni adimu huku. Katika karne iliyopita alisogea kaskazini kidogo-kidogo, na vilishio vya watu ni moja ya vitu vilivyomsaidia.

Lakini mwenye nyumba ni mmoja tu: ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe. Wafaransa wanamwita mésange. Mimi nitaandika mezanje. Ana gramu 11 hivi, sawa na sambaza chache mkononi. Nilijiuliza, kitu cha gramu 11 kinalalaje nje kwa digrii 18 chini ya sifuri na kuamka? Anafanya mambo matatu. Mchana anakula mpaka anaweka mafuta mwilini ya kumtosha usiku mmoja. Usiku anaingia ndani ya tundu la mti na kushusha joto la mwili wake kwa digrii 10 hivi, ili achome mafuta kidogo; ni kama sisi tunavyopunguza moto wa mbabula ili makala yafike asubuhi. Na tatu, anaficha chakula: mbegu moja hapa chini ya gome, nyingine kule kwenye tawi, kila moja fasi yake, na anakumbuka fasi zile kwa wiki nyingi.

Nilimuuliza mzee lile swali ambalo kila Mukongomani angeuliza: "Sasa mukiwapa chakula kila siku, hamuwazoeshi kuomba?" Sisi tumeona misaada, tunajua maana ya swali hilo. Kumbe lilishajibiwa kwa vipimo. Watafiti wawili wa Marekani, Brittingham na Temple, walilinganisha mezanje wa jimbo la Wisconsin. Wale waliokuwa na vilishio, asilimia 69 walivuka kipindi cha baridi. Wale wasiokuwa navyo, asilimia 37 tu. Tofauti kubwa ilionekana katika siku za baridi kali kabisa. Kisha wakauliza kinyume chake: tukiondoa vilishio mahali vilipozoeleka, watakufa? Hapana. Waliishi sawa na wale ambao hawakuwahi kuviona. Sababu yake ni kwamba hata mezanje mwenye kilishio anaendelea kutafuta sehemu kubwa ya chakula chake porini. Kilishio kinasaidia siku mbaya, hakichukui nafasi ya msitu.

Ubaya uko kwingine. Ndege wengi kwenye chombo kimoja wanaambukizana. Mwaka 1994, upande wa mashariki ya Marekani, ndege mmoja aina ya finchi alianza kuonekana na macho yaliyovimba na kufunga. Bakteria ilikuwa imetoka kwa kuku. Ugonjwa ulienea haraka, na watu wa kawaida waliokuwa wakitazama vilishio vyao ndio waliosaidia wataalamu kuufuatilia ulikofika. Kwa hiyo mwenye kilishio lazima akioshe, karibu kila wiki mbili. Asiyeosha, afadhali asiweke.

Sasa tuje kwenye kuhesabu, juu ndiko nilikoanguka.

Mzee alinipa dakika kumi na tano kwenye kilishio cha kwanza. Mimi mtu wa masta nikajiona: nikaona mezanje, nikapiga mstari, mwingine, mstari, mwingine, mstari. Mwishoni nikamwonyesha kwa furaha: mezanje 23. Akauliza: "Uliona 23 kwa mara moja?" Nikasema hapana, wanakuja na kuondoka. "Wengi zaidi uliowaona pamoja, kwa mtupo mmoja wa jicho, ni wangapi?" Nikafikiri. Watano.

"Basi andika 5."

Nikabisha. Nilisema hakika wako zaidi ya watano. Akakubali: "Pengine wako zaidi. Lakini mezanje anachukua mbegu moja, anaenda kuificha, anarudi. Huyo huyo mmoja unaweza kumwandika mara kumi. Watano ndio una hakika nao." Hiyo ndiyo kanuni ya Project FeederWatch, mpango wa kuhesabu ndege kwenye vilishio ulioanzia jimbo la Ontario mwaka 1976. Kila mtu anaandika idadi kubwa kabisa aliyoiona kwa wakati mmoja. Namba inakuwa ndogo kuliko ukweli, lakini inakuwa ndogo kwa namna moja kwa kila mtu na kila mwaka, kwa hiyo inaweza kulinganishwa. Nikafuta 23. Krayo inafutika, biki haifutiki. Hapo nikaelewa faida nyingine ya krayo.

Tulipokuwa tunaondoka, mlio ukabadilika. Mezanje wana mlio unaosikika kama "chika-dii-dii". Ghafla ile "dii" ikaongezeka, dii-dii-dii-dii-dii, kisha kimya. Gogota akaganda kwenye mti kama msumari. Mzee akanionyesha juu: kipanga wa Cooper ametua kwenye tawi, kifua kina mistari, jicho jekundu. Watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba mezanje anaongeza "dii" kadiri adui alivyo wa hatari zaidi kwake. Kwetu tungesema wanapeana taarifa ya usalama kabla hakujaharibika.

Kilishio cha pili kilikuwa mita mia mbili mbele. Tulisimama dakika kumi na tano zile zile. Hakuja mtu. Mbegu zimejaa, mafuta yapo, na hakuna hata unyoya. Mikono ilikuwa inauma ndani ya ganti. Nikachukua kaye nikaandika mezanje 3, junko 2. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni busara: ni wakati wao, ni fasi yao, chakula kipo, lazima wako karibu wamejificha tu juu ya kipanga.

Mzee akaangalia kaye. Hakukasirika. Akaniuliza tu: "Wako wapi?"

Nikakosa la kusema.

"Andika sifuri," akasema. "Sifuri nayo ni kitu umeona. Ukiijaza kwa huruma, umemficha kipanga."

Kilishio cha tatu hatukufika. Njia ilikuwa barafu tupu, na mzee ana goti baya. Nikataka kuandika sifuri nyingine, juu nilidhani sasa nimeelewa. Akanizuia tena. Katika ule mstari akaandika kwa mkono wake: "hatukufika." Akanieleza kama anavyoelezea mtoto wa shule ya msingi: "Sifuri maana yake tuliangalia, hawakuwapo. Hii maana yake hatujui. Usizichanganye hata siku moja."

Bandugu, pale ndipo nilipotaka kukaa chini kwenye theluji.

Miaka mitatu nyuma, nimemaliza licence, sina kazi, shirika moja lilinichukua kama anketeri kwa siku kumi katika vilima vya teritware ya Walungu. Ninyi munajua kazi hizo: tableti moja, buti, dola 20 kwa siku, fomu 12 kwa siku. Maswali yalikuwa juu ya maji. Mama anatembea dakika ngapi mpaka kwenye chemchemi? Watoto waliugua tumbo mara ngapi mwezi huu? Siku ya saba mvua ilinyesha tangu asubuhi. Motari akakataa kupanda kilima cha mwisho. Nilikuwa nimefanya nyumba saba. Zilibaki tano, zote juu kule. Nikaingia nganda moja, nikaagiza chai, nikajaza zile tano mwenyewe. Nilikuwa mwerevu: sikuandika namba za ajabu. Niliangalia zile saba, nikachukua wastani wake, nikaupandisha na kuushusha kidogo. Dakika 20, dakika 25, dakika 15. Siperviza alinisifu kwamba fomu zangu ni safi.

Mwaka uliofuata, mwenzetu mmoja wa promosheni, mtoto wa kilima kile kile, alinieleza katika mazungumzo tu kwamba kwao mama anashuka saa nzima kutafuta maji, na kupanda ni zaidi. Nilinyamaza. Nyumba tano zilizokuwa na shida kuliko zote ndizo nilizozipa wastani wa wengine. Na zilikosa kufikiwa kwa sababu ile ile iliyofanya maji yawe mbali: njia mbaya. Haya ndiyo mambo ambayo sikuyaelewa wakati ule. Fasi ngumu kufika si fasi ya kawaida iliyosahauliwa. Mara nyingi ndiyo fasi yenye jibu tofauti. Ukiijaza kwa wastani, unafuta hasa kile ulichotumwa kutafuta. Kama ningeandika "sikufika", mtu ofisini angeona mashimo matano kwenye karata, yote upande mmoja, pengine angeuliza kuna nini kule.

Munaweza kusema: ndege ni ndege, maji ni maisha ya watu, usilinganishe. Ni kweli. Lakini njia ya kuandika ni moja, na kwa ndege tunaweza kuona inafika wapi ikifuatwa miaka mingi. Krismasi ya mwaka 1900, Marekani, kulikuwa na desturi ya wawindaji kushindana siku ile nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, akaomba watu wawahesabu badala ya kuwapiga. Walijitokeza watu 27, katika fasi 25, Toronto ikiwamo. Hesabu hiyo haikukatika mpaka leo. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha kaye za watu kama hao na vipimo vya rada, wakatangaza kwamba Amerika ya Kaskazini ina ndege karibu bilioni 3 pungufu kuliko mwaka 1970, yaani asilimia 29 wametoweka. Junko wale wa kijivu, ambao unawaona kila fasi, wamo kati ya waliopungua sana. Hakuna mtu mmoja angeweza kuona hilo dirishani kwake. Lilionekana juu kuna maelfu ya watu waliokubali kuandika 5 badala ya 23, na sifuri badala ya 3.

Na sisi? Kongo yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Kuna moja ninayotaka kila msomi wa Kongo aijue: tausi wa Kongo. Mwaka 1913, kule Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji, akashindwa kujua ni wa ndege gani. Aliutunza zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, juu ya kabati, wana manyoya yale yale. Walikuwa wameandikiwa kibandiko kwamba ni tausi wachanga wa India. Fikiria: ndege wetu alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya wataalamu miaka yote ile, na hakuna aliyemwona, juu mtu mmoja alijaza jina lililoonekana la kufaa. Watu wa msitu, wao, walimjua siku zote, walimvaa kichwani. Kilichokosekana ni maandishi ya kweli.

Ninajua mutaniambia: kwetu hakuna theluji, hakuna vilishio, hakuna darubini. Vilishio hatuvihitaji, mti wa maua nyuma ya oditware unaleta chozi bila kulipwa. Na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi, mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya wako kwetu juu ya ziwa. Wanaowahesabu wakiondoka kule ni wengi. Wanaowahesabu wakifika huku ni wachache sana. Kinachohitajika ni kaye, krayo, fasi moja isiyobadilika, saa moja isiyobadilika, dakika kumi na tano kwa wiki. Andika wengi zaidi uliowaona kwa mtupo mmoja wa jicho. Hawakuja, andika sifuri. Mvua ilikuzuia, andika "sikufika". Ukimjua jina, sawa. Usipomjua, andika rangi na mdomo wake, usimpe jina la kumfaa tu.

Jioni ya Jumamosi ile nilimpigia simu yule mwenzetu wa kilimani. Nilimweleza zile fomu tano, na nganda, na chai. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Pengine hata ungeandika kweli, maji hayangefika. Lakini tungekuwa tumeandikwa." Halafu akaniuliza kama ninakula vizuri huku.

Kwa hiyo, mudogo uliyeuliza juu ya pesa ya tikiti: ndiyo, niliangalia ndege. Kilishio cha kwanza, mezanje 5, junko 4, kardinali 2, gogota 1, kipanga 1. Kilishio cha pili, sifuri. Cha tatu, hatukufika. Jumamosi hii tunarudi kujaribu cha tatu, kama goti la mzee litakubali.